Dirisha la Chumba cha Nyuma

Brenna, binti, pima tena.
Utepe umejikunja pale kwenye fremu,
nami sitaki serikali inidai hata unywele.
Haya, soma. Upana inchi kumi na sita.
Kanuni yataka ishirini.
Zimekosa nne, sawa na vidole vya mkono
ukiondoa gumba.

Basi kwa vidole vinne mimi si mlezi,
mimi ni jamaa. Jamaa hapewi posho,
hupewa pole, na kikapu cha Krismasi
chenye maharage ya kopo na soksi za saizi moja.
Wangelala kwa mtu baki kule mjini,
mwenye leseni na madirisha mapana,
hundi ingemfuata kila mwezi kama paka.
Wamelala kwangu.
Hundi haiijui njia ya bonde hili.

Silalamiki, nasimulia.
Waliletwa Februari, saa nane za usiku,
Kolby na mdogo wake Tansy,
nguo zao ndani ya mfuko mweusi wa taka.
Afisa akanipa karatasi juu ya boneti ya gari,
theluji ikadondokea saini yangu,
wino ukatanuka: Ardith Cline ikawa doa.
Usiku ule hakuna aliyeuliza
dirisha lina inchi ngapi.

Fomu nimejaza, kwa penseli kwanza, kisha kalamu.
Swali la tisa, kipato:
pensheni ya jiko la shule,
miaka thelathini na mmoja nikiwapakulia viazi wana wa watu.
"Umezidi," akasema yule wa dirisha namba tatu,
"umezidi kwa dola kumi na moja."
Huku nimezidi, kule nimepungua.
Nieleze, wewe uliyesoma,
mtu anakuwaje tajiri asubuhi na fukara mchana
na hajabadili hata viatu?

Swali la kumi na nne: uhusiano wako na watoto.
Nafasi yenyewe fupi kama kope.
Nikaandika, bibi.
Haikutosha kuandika kwamba Tansy halali
mpaka ashike sikio langu,
kwamba Kolby huficha mkate chini ya godoro
nami kila Ijumaa huutoa, nikaweka mpya,
asije akala ukungu.
Hatujawahi kuambiana.

Barua yenu ilisema: hustahili.
Niliisoma jikoni kwa sauti, ulimi ukateleza,
nikasoma: hustahimili.
Nikarudia. Kustahili. Kustahimili.
Tofauti ni silabi moja tu, mi.
Ndiyo mi, mimi huyu,
nimebanwa katikati ya neno
na mtoto kila upande.

Unasema kanuni ni kwa ajili ya moto,
lazima mtu aweze kutoka.
Binti yangu, mtu hutoka.
Mama yao, Dreama wangu, alitokea hapo hapo
akiwa na miaka kumi na sita, viatu mkononi,
akamfuata kijana mwenye chupa ya vidonge.
Mara ya kwanza alirudi kwa mlango,
na ya pili, na ya tano.
Inchi hizi zilimtosha.
Dirisha hili halijawahi kushindwa kumtoa mtu.
Kurudisha ndiko hakuna kipimo chake
kwenye karatasi yako.

Lakini andika: linarekebishwa.
Shemeji Orville atakuja Jumamosi na msumeno,
tutaukata ukuta tuliouchora urefu wa Dreama
mwaka baada ya mwaka.
Baridi itaingia siku mbili tatu,
tutaning'iniza blanketi.
Njoo Jumatatu, zitatimia ishirini, na ziada.
Nami kitanda changu nitakihamishia pale chini yake,
atakayetoka anikanyage kwanza.

Na huo utepe, tafadhali, usiukunje upesi.
Kolby yuko nyuma ya mlango tangu ulipofika.
Anataka umpime.